Krosi au sivi? Kuchagua jointi za shafti za nyuma za Datsun 240Z

Kila gurudumu la nyuma la Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la miaka ya 1970, huzungushwa na shafti fupi yenye krosi mbili, moja upande wa difu na nyingine upande wa habu inayoshika gurudumu. Krosi ni jointi yenye msalaba wa chuma unaounganisha yoki mbili, yaani uma za chuma zenye masikio. Katikati, shafti hiyo ni vipande viwili vinavyoingiliana, na kati yake kuna gololi zinazokimbia kwenye mifereji, ili shafti irefuke na kufupika gurudumu linapopanda na kushuka. Gari likianza kugonga "kang!" unapoachia klachi au unapotoa mguu kwenye mafuta, ushauri wa haraka utakaoupata ni mmoja: toa krosi, weka sivi (CV), yaani jointi inayopitisha mzunguko sawasawa hata ikipinda. Kuna magari ambayo ushauri huo unayafaa. Mengi zaidi hutiwa sivi za bei kubwa kabla mtu hajashika hata rula.

Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua jointi, na vifuatane hivi: pembe ya shafti, kiasi inachorefuka na kufupika, kisha nguvu inayopita ndani yake. Wengi huanzia mwisho, kwenye nguvu za injini, na hapo ndipo wanapopotea.

Kwanza hakikisha kelele ni ya shafti

Sehemu nne za nyuma ya 240Z hutoa mgongano unaofanana. Raba ya mbele ya difu ikichanika, pua ya difu hunyanyuka ukikanyaga mafuta. Kuna mkanda juu yake unaoizuia isiende mbali, na mkanda huo ukilegea difu hupiga bodi. Bushi za upau unaoshika difu kwa nyuma zikilika, difu yote hucheza. Nati kubwa ya ekseli fupi ya habu ikilegea, flanji (sahani ya bolti) hucheza kwenye splaini (meno ya ekseli). Krosi zenyewe ni ya nne.

Nyanyua nyuma ya gari, iweke kwenye stendi, magurudumu yananing'inia. Tia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha shika tairi moja ulitikise mbele na nyuma huku mwenzako ameweka kidole penye mwungano wa msalaba na sikio la yoki. Mchezo wa krosi husikika kwenye kidole kabla ya kuonekana kwa macho. Halafu ingiza nondo ndogo kati ya yoki na msalaba, uinue kidogo. Krosi nzima haichezi hata chembe. Ikicheza kiasi cha kuonekana, imekwisha. Usidanganywe na mzunguko mdogo wa flanji zote kwa pamoja, huo ni mwanya wa meno ndani ya difu na upo kwenye kila gari.

Baadaye, shafti ikiwa mezani, kunja kila krosi taratibu kwa mkono pande zote mbili. Ikikwama kidogo katikati kama mlango wenye komeo, sindano za beringi zimechimba mistari kwenye miguu ya msalaba. Hiyo haitengenezwi kwa grisi.

Krosi hufanya nini ikipinda

Krosi iliyokaa kwenye pembe haipitishi mzunguko sawasawa. Upande wa difu ukizunguka kwa mwendo mmoja, upande wa pili huharakisha mara mbili na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya 5°, tofauti kati ya mwendo wa juu na wa chini haifiki asilimia 1. Kwa 12° inakuwa kama asilimia 4.4, na kwa 18° inakaribia asilimia 10. Pembe ikiongezeka mara mbili, kosa huongezeka kama mara nne. Ndiyo maana gari linalotulia kabisa kwa 6° linaweza kutetemeka vibaya kwa 13°.

Krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza, kwa masharti mawili. Pembe za pande zote mbili ziwe sawa, na masikio ya yoki mbili zilizo kwenye shafti yenyewe yalale kwenye mstari mmoja. Ukifungua vipande vya katikati bila kuweka alama, ukavirudisha vimezunguka, makosa mawili yatajumlishana badala ya kufutana. Dalili yake ni mtetemo unaoanza siku ile ile shafti iliporudishwa, ingawa kila kitu ni kipya.

Hata kosa likifutika gurudumuni, kipande cha katikati bado kinaharakishwa na kupunguzwa kasi. Kwa tairi la 175HR14, mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni takriban mizunguko 14 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa krosi hugonga kama mara 28 kwa sekunde. Mtu huusikia kama mvumo wa chini kwenye sakafu, si kama usukani unaocheza. Mvumo unaofuata mwendo wa gari hata ukitoa gia unaelekea huko, au kwenye tairi na beringi. Unaofuata mzunguko wa injini utafute kwingine.

Krosi ina sifa ambayo hutajwa mara chache: inastahimili uchafu na uzembe. Ikianza kufa hupiga kelele wiki nyingi kabla ya kukatika. Hubadilishwa kwa jiliwa na soketi mbili, hata kando ya barabara. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Muundo wa shafti zake za nyuma si wa kudharau.

Zile gololi za katikati nazo zina sababu. Kwenye Triumph TR6, shafti hurefuka kwa splaini za kawaida zinazoteleza chuma kwa chuma. Ukikanyaga mafuta, splaini hushikana na springi hushindwa kufanya kazi. Ukiachia, huteleza ghafla na nyuma ya gari hutikisika katikati ya kona. Gololi huviringika hata zikiwa na mzigo, kwa hiyo 240Z haina ugonjwa huo, ila mifereji ikiliwa au mtu akiirudisha kavu bila grisi.

Sivi, na aina zake

Sivi hupitisha mzunguko sawasawa kwa pembe yoyote inayoruhusiwa, kwa sababu gololi zake hukaa daima kwenye mstari unaogawa pembe nusu kwa nusu. Ile ya gololi sita aliyoibuni Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920 hupinda zaidi ya 40° lakini hairefuki. Ndiyo iliyo kwenye magurudumu ya mbele ya magari ya kawaida ya leo. Kwa nyuma ya gari la michezo unahitaji aina inayorefuka yenyewe. Zipo mbili. Ya kwanza ina mifereji iliyokatwa mshazari, kama za Volkswagen na Porsche zenye kipenyo cha 100 mm au 108 mm, ambayo ni ile ya Porsche 930. Ya pili ni tripodi, yenye roli tatu, ambayo huteleza kwa urahisi zaidi na kuvumilia mwendo mrefu wa kuingia na kutoka.

Mifereji ya mshazari haina mchezo wa mzunguko na ni ngumu, lakini pembe yake ya mwisho iko karibu na 20°, na kadiri inavyosukumwa ndani au kuvutwa nje ndivyo pembe hiyo inavyopungua. Watu hupima pembe gari likiwa chini, wakasahau kwamba gurudumu likining'inia jointi imepinda na kuvutwa kwa wakati mmoja.

Udhaifu wa sivi uko kwenye buti yake, yaani mfuko wa raba unaoifunika. Raba ikipasuka, grisi hutupwa nje na mchanga kuingia, na kwenye barabara ya vumbi jointi inaweza kwisha safari ile ile. Sivi haina subira ya krosi.

Jointi za raba, kama zile za Lotus Elan, tunazitaja ili tuzipite. Ni laini kwa gia na difu, lakini hujipinda kabla ya kusukuma, kwa hiyo gari huruka-ruka kwenye foleni. Na raba ikikatika, shafti huru hupiga kila kilicho karibu. Kwenye gari ambalo halikuzaliwa nazo, hakuna sababu ya kuzitia.

Pima kabla ya kununua

Toa springi za nyuma, au legeza mzigo wake kwa usalama, ili uweze kupandisha na kushusha gurudumu kwa jeki. Pima umbali wa kulala kati ya uso wa flanji ya difu na uso wa flanji ya habu, na tofauti ya kimo kati ya vitovu vyake. Fanya hivyo kwa vituo vitano: gurudumu likining'inia kabisa, nusu ya kushuka, kimo cha kawaida, nusu ya kupanda, na juu kabisa penye raba ya kuzuia. Andika yote. Rudia upande wa pili, usikisie kwamba pande zinafanana. Gari la miaka 50 huenda limegongwa mahali.

Tuseme umbali ni 350 mm na kimo kinapishana kwa 60 mm. Gawa 60 kwa 350 upate 0.171, ambayo ni pembe ya 9.7°. Ukinyanyua gari kwa 50 mm kwa ajili ya barabara mbovu, tofauti inakuwa 110 mm na pembe 17.4°. Hapo krosi inakutikisa, na sivi ya mshazari imebakiwa na nafasi finyu kabla hata gurudumu halijaning'inia.

Kuna pembe nyingine isiyoonekana ukichungulia kutoka nyuma. Kwenye 240Z za mwanzo, difu imekaa 35 mm mbele ya mstari wa habu, hivyo shafti zimepinda kuelekea nyuma kila wakati. Kwa umbali wa 350 mm hiyo ni 5.7°, na ikiunganishwa na ile ya 9.7° pembe halisi inafika 11.2° (hazijumlishwi moja kwa moja, kwa kuwa moja inaelekea juu na chini na nyingine mbele na nyuma). Kiwanda kilisogeza difu nyuma mwaka 1971. Upau wa nyuma unaoshika difu ukiwa umenyooka, gari lako ni la kwanza. Ukiwa umepinda, ni la baadaye. Mwenye gari la kwanza linalotetemeka afikirie kuhamishia vishikio vya baadaye kabla ya kununua sivi, maana anaondoa chanzo badala ya kuficha dalili.

Kuhusu nguvu, fanya hesabu hii halafu uiache. L24, injini ya asili ya 240Z, hutoa karibu 200 Nm. Kwa giaboksi ya gia tano, gia ya kwanza ni 2.957 na difu 3.9, hivyo kila shafti hupata kama 1,150 Nm. Lakini tairi lililobeba kilo 320 kwenye lami kavu huanza kuteleza kwa takriban 900 Nm. Tairi ndilo fyuzi. Kinachovunja jointi ni mshtuko: gurudumu linaruka hewani, linazunguka kwa kasi bila mzigo, kisha linatua na kusimamishwa ghafla. Dereva anayeachia mafuta kabla ya kutua huokoa shafti kuliko duka lolote la spea.

Chagua hivi

Gari la kimo cha kawaida, injini ya asili au iliyoongezwa kidogo, pembe chini ya 12° kwenye kimo cha kutembea: baki na krosi, tia mpya nne zenye ubora, safisha gololi za katikati. Hutaona tofauti na sivi ila kwenye mfuko.

Mifereji ya gololi ikiwa imechimbika hadi shafti inakwama ukiivuta kwa mkono, hesabu inabadilika, kwa sababu kipande hicho hakitengenezeki gereji. Tafuta shafti nzima iliyotumika au nenda kwenye sivi.

Gari lililonyanyuliwa, lenye mwendo mrefu wa springi, au lenye injini kubwa na difu ya R200 (difu kubwa zaidi ya Nissan), nenda kwenye sivi, lakini punguza pembe kwanza kwa kila njia. Sivi inapitisha mzunguko sawasawa kwa 18°, ila haifurahii. Hupata joto, grisi huwa nyepesi na buti husuguana mikunjo yake.

Na gari lililoshushwa mno hadi shafti imelala sawa kabisa? Hapo krosi hufa kwa sababu ya ajabu kidogo. Pembe ikiwa sifuri, sindano haziviringiki, hupigwa mahali pamoja hadi zichimbe. Acha walau 1° hadi 3°.

Kubadilisha krosi

Weka alama ya tindo au rangi kwenye flanji zote na kwenye vipande viwili vya shafti. Fungua bolti nne kila upande; spana huwa ya 14, isipokuwa aliyetangulia alitia bolti zake. Funga shafti kwa waya isifunguke njiani.

Nunua krosi kwa kipimo cha venia, si kwa jina la gari. Pima kipenyo cha kikombe (kofia ya beringi inayovikwa mguu wa msalaba) na urefu wa kikombe hadi kikombe cha pili. Kikombe kipya kikiingia kwenye sikio kwa kidole bila kubanwa, sikio limeliwa. Usitie gundi wala kupiga tindo pembeni, tafuta yoki nyingine.

Toa sirklipu nne (klipu zinazozuia vikombe visitoke). Kwenye jiliwa, weka soketi ndogo kuliko kikombe upande mmoja na soketi kubwa inayokimeza upande wa pili, kisha kaza; kikombe kitatoka. Nyundo juu ya masikio huyapinda, na sikio likipinda hata kidogo krosi mpya itakuwa ngumu milele.

Wakati wa kurudisha, sindano zishikwe na grisi ya lithiamu ya kawaida, namba 2. Ingiza kikombe nusu, pitisha mguu wa msalaba ndani yake, ndipo ukaze. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: sindano moja huanguka na kulala chini ya kikombe. Kikombe hakifiki mwisho, mfereji wa sirklipu hauonekani wote, na fundi mwenye haraka anakaza zaidi. Sirklipu isipoingia kwa urahisi, toa kikombe, hesabu sindano, anza upya.

Ikishaingia, gonga masikio polepole kwa nyundo ya plastiki ili vikombe virudi nyuma vikae kwenye sirklipu. Krosi nzuri hukunjwa kwa vidole viwili, na ugumu kidogo unaofanana pande zote. Sirklipu huja kwa unene tofauti. Chagua zinazoacha mchezo wa karibu sifuri, na unene uwe sawa pande zinazokabiliana, la sivyo shafti haitakaa kati.

Krosi yenye nipeli au iliyozibwa? Iliyozibwa ina msalaba mzito zaidi kwa sababu haijatobolewa. Yenye nipeli hukuruhusu kusukuma maji na vumbi nje baada ya kuvuka mto. Kwa lami, chukua iliyozibwa. Kwa barabara ya vumbi, yenye nipeli, ili mradi kuna mtu atakayeipiga grisi.

Kufunga sivi

Njia inayojulikana ni kutumia shafti za 280ZX Turbo, ndugu ya baadaye ya 240Z, pamoja na difu ya R200. Mitego yake ni miwili. Ekseli fupi ya 240Z ina splaini 25, ilhali flanji nyingi zinazouzwa kwa kazi hii ni za splaini 27 za 280Z za baadaye. Usinunue flanji kabla ya kuhesabu meno. Pili, adapta hula nafasi, na shafti huwa ndefu mno. Rudi kwenye vile vipimo vitano: kwenye umbali mfupi kuliko yote, jointi zibakiwe na walau 3 hadi 5 mm kila upande kabla ya kugota. Shafti inayogota haivunjiki yenyewe. Husukuma beringi za difu na za habu, na lawama huangukia kwingine.

Adapta zikerezwe kutoka chuma cha aloi, si bamba la kulehemu. Zikae kati kwa mdomo wa duara uliokerezwa, siyo kwa kutegemea bolti. Funga adapta, zungusha gurudumu na upime mpepeso kwa saa ya kupimia (dial gauge). Mpepeso ukizidi 0.05 mm, rudisha kwa fundi wa kukereza.

Grisi ya sivi ya gololi ni ile nyeusi yenye molibdenumu. Jointi ya 100 mm hula gramu 80 hadi 100: ijaze upande mmoja hadi itokee upande wa pili, inayobaki itie ndani ya buti. Usichanganye na grisi ya beringi. Ukiwa umeifungua jointi ya mifereji ya mshazari, angalia unavyoirudisha: nafasi pana ya nje ikutane na nafasi nyembamba ya ndani. Ukikosea itaingia vizuri kabisa, kisha ikatae kupinda. Kabla ya kukaza kibano cha mwisho cha buti, weka shafti kwenye urefu wake wa kawaida, inua mdomo wa raba kwa bisibisi nyembamba na uache hewa itoke.

Bolti sita za M8 za daraja 12.9 hukazwa 40 hadi 45 Nm kwa toki renchi. Zinalegea kwa sababu moja kuu: grisi iliyovuja kutoka kwenye jointi imepaka nyuso na nyuzi kabla ya kukazwa. Osha kila tundu na kila bolti kwa brake klina, futa, kausha, ndipo ufunge. Zirudie baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500. Kwa safari ya mbali, mwenye krosi abebe krosi mbili na soketi zake. Mwenye sivi abebe shafti nzima iliyokwisha kufungwa, na kama ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu, abebe zote mbili.